Timu ya hoki ikizeeka, anza na karatasi ya mishahara

Kabla hujamlaumu kocha, na kabla hujadai yule nyota wa miaka 35 auzwe, tafuta orodha ya mikataba ya timu yako. Iko mtandaoni, bure, kwa timu zote 32 za NHL, ligi kuu ya hoki ya barafu ya Marekani na Kanada. Chora safu nne: jina la mchezaji, umri atakaokuwa nao mkataba wake utakapokwisha, kiasi anachokula kila mwaka kwenye kikomo cha mishahara (jumla ambayo ligi inairuhusu timu kuwalipa wachezaji wake wote), na kama ana kifungu kinachomruhusu kukataa kuhamishwa. Safu ya pili ndiyo yenye habari. Watu huuliza mchezaji ana miaka mingapi leo. Mimi nauliza atakuwa na miaka mingapi siku timu itakapoacha kumlipa.

Mimi ni mhasibu, mzaliwa wa Tanga, na hoki ya barafu nimeikuta Chicago. Ofisini kwetu tuna ligi ya kujifanya mameneja: kila mtu ana timu yake ya wachezaji wa kweli, kwa mishahara yao ya kweli, chini ya kikomo kile kile cha NHL. Mimi nilirithi timu ya mzee mmoja aliyestaafu kazi, na wachezaji wake nao walikuwa wa kustaafu. Haya ninayoyaandika ndiyo ninayomwambia kila mgeni anayejiunga nasi, hasa ndugu zetu waliolelewa na soka wanaodhani dawa ya timu mbovu ni kufanya usajili mkubwa.

Kwa aliyezoea soka

Mume wangu ni Yanga damu. Msimu wake wa kwanza wa kutazama hoki aliumaliza akiniuliza timu ya mkiani inashuka daraja lini. Haishuki. Inatangulizwa kwenye drafti ya kila kiangazi, ambako timu hupokezana kuchagua vijana, wengi wao wa miaka 18, kwa raundi saba. Halafu mchezaji hanunuliwi kwa pesa. Unatoa mchezaji upewe mchezaji, au unatoa haki yako ya kuchagua kwenye drafti ya mwaka fulani. Na juu ya yote kuna kikomo cha mishahara, kilichoingia mwaka 2005 baada ya mgogoro wa wamiliki na wachezaji kuua msimu mzima wa 2004–05. Msimu wa 2024–25 kikomo kilikuwa dola milioni 88, na uliofuata kikapanda hadi milioni 95.5. Tajiri hata awe na visima vya mafuta, hapiti hapo.

Kwa hiyo meneja wa timu iliyozeeka ana vitu vitatu tu vya kuchezea: wachezaji alio nao, machaguo yake ya drafti, na nafasi iliyobaki chini ya kikomo. Kila hatua utakayoiona hapa chini ni kubadilisha kimoja kati ya hivyo kiwe kingine.

Isome karatasi

Chukua Chicago Blackhawks, kiangazi cha 2015. Wametoka kubeba Kombe la Stanley, kombe la ubingwa wa NHL, la tatu ndani ya misimu sita: 2010, 2013, 2015. Mji mzima umevaa nyekundu. Nyota wao wawili, Patrick Kane na Jonathan Toews, wote wa mwaka 1988, wanaanza mikataba ya miaka minane, dola milioni 10.5 kila mmoja kwa mwaka. Kikomo cha msimu ule kilikuwa milioni 71.4, kwa hiyo watu wawili walikuwa wanakula karibu asilimia 30 ya sufuria ya kikosi kizima. Mwaka huo huo Brent Seabrook, beki aliyezaliwa 1985, akasaini naye miaka minane, milioni 6.875 kwa mwaka, kuanzia msimu wa 2016–17. Sasa jaza ile safu ya pili. Kane 34. Toews 35. Seabrook 39.

Ukiona safu imejaa namba za aina hiyo, usitazame wazee. Tazama vijana, kwa sababu wao ndio watakaoondoka kwanza. Hawana kifungu cha kukataa, timu nyingine zinawataka, na mishahara yao inakaribia kupanda. Mshambuliaji kijana Brandon Saad aliondoka kwenda Columbus kiangazi kile kile, shangwe za kombe hazijapoa. Mwaka 2016 Teuvo Teräväinen, kijana wa miaka 21 aliyechaguliwa raundi ya kwanza, alipelekwa Carolina Hurricanes ili Carolina wakubali kuubeba na mkataba mzito wa mshambuliaji Bryan Bickell. Chicago ikaambulia chaguo la raundi ya pili na la raundi ya tatu. Carolina ikapata mshambuliaji wa kutegemewa kwa misimu minane. (Teräväinen alirudi Chicago mwaka 2024, mchezaji huru wa miaka 29, kwa mshahara wa mtu mzima. Mhasibu akisoma hapo lazima acheke kidogo.)

Mwaka 2017 timu ilimaliza kinara wa kanda ya Magharibi kwa pointi 109, kisha kwenye mchujo, yaani mechi za mtoano za kuwania kombe baada ya msimu, Nashville wakaifagia mechi nne bila jibu. Chicago ilifunga mabao matatu katika mechi zote nne. Juni hiyo mshambuliaji Artemi Panarin akapelekwa Columbus ili Saad arudi. Na Seabrook? Mechi yake ya mwisho ilikuwa Desemba 2019. Mkataba uliendelea hadi 2024, na wakati huo ulikuwa umeshahamishiwa Tampa.

Nimekaa hapa muda mrefu kwa sababu hili ndilo watu hawalioni. Wanasubiri nyota apunguze mabao ndipo waseme timu imezeeka. Kane hakupunguza mabao. Msimu wa 2015–16 ndio aliochukua tuzo ya mchezaji bora wa ligi. Timu ilishazeeka, kwa sababu kila mwaka wa kubaki na waliokuwepo ulilipiwa kwa kijana mmoja.

Amua: kukarabati au kubomoa

Kanuni yangu ni ya watu watatu: senta wa kwanza (mshambuliaji wa kati), beki wa kwanza, na kipa. Jiulize nani kati yao atakuwa bado chini ya miaka 30 misimu mitatu ijayo. Wakiwa wawili, karabati. Asipokuwepo hata mmoja, bomoa ujenge upya. Akiwa mmoja, ndipo uangalie una nafasi kiasi gani chini ya kikomo na una vijana wangapi wanaokaribia kuiva, maana hapo katikati ndipo mameneja wengi hupotelea. Mawinga siwahesabu. Winga mzuri hupatikana sokoni kila mwaka. Senta wa kwanza haletwi sokoni na mtu mwenye akili zake.

Kosa kubwa kuliko kuchagua vibaya ni kuchagua vyote viwili. Julai 2021 Chicago, timu ile ile, ilimpeleka Columbus beki kijana Adam Boqvist pamoja na machaguo ya raundi ya kwanza ya 2021 na 2022, ikamleta beki Seth Jones, ikampa mkataba wa miaka minane wa milioni 9.5 kwa mwaka. Ikamleta na Marc-André Fleury, kipa aliyekuwa ametoka kushinda tuzo ya kipa bora akiwa na miaka 36. Hizo ni hatua za timu inayosema inataka kombe sasa. Msimu ukaanza, mechi tisa za kwanza ikapoteza zote. Kocha akafukuzwa Novemba. Machi 2022 meneja mkuu mpya, Kyle Davidson, akaanza kuuza, na Julai 2022 akauza washambuliaji vijana Alex DeBrincat na Kirby Dach usiku mmoja wa drafti. Lile chaguo la 2022 lililokwenda Columbus likaangukia nafasi ya sita. Mwaka mmoja, mipango miwili inayopingana, na chaguo la sita mkononi mwa mtu mwingine.

Ukishaamua, waambie watu. New York Rangers waliwaandikia mashabiki wao barua Februari 2018 kwamba sura wanazozipenda zitaondoka, na ndani ya wiki chache Ryan McDonagh, Rick Nash na wengine wakawa wamekwenda. Mashabiki walinuna, lakini hakuna aliyedanganywa, na mameneja wengine walijua duka liko wazi, jambo ambalo hupandisha bei.

Kuuza: bei iko kwenye mkataba

Hapa nitakuonyesha wachezaji wawili wa timu moja, Chicago ile ile.

Patrick Kane, vikombe vitatu, mmoja wa Wamarekani bora kuwahi kucheza mchezo huu. Alihamishwa kwenda Rangers mwisho wa Februari 2023, miezi michache kabla mkataba wake haujakwisha. Alikuwa na kifungu kamili cha kukataa kuhamishwa, na kila mtu alijua anataka New York. Chicago ilibeba nusu ya mshahara wake, Arizona wakaingia katikati kubeba sehemu nyingine, na malipo makubwa Chicago iliyoyapata yakawa chaguo la raundi ya pili. Lingepanda kuwa la raundi ya kwanza kama Rangers wangefika fainali ya kanda. Walitolewa na New Jersey raundi ya kwanza.

Brandon Hagel, mtoto wa raundi ya sita ambaye Buffalo waliomchagua hawakumsaini kabisa. Machi 2022 alikuwa na miaka 23, mshahara wake milioni 1.5 tu kwa mwaka, na alikuwa amebakiwa na misimu miwili kamili baada ya ule. Tampa walitoa machaguo mawili ya raundi ya kwanza na wachezaji wawili vijana.

Waweke wawili hao kwenye karatasi yako, mstari kwa mstari, na utaelewa soko lote. Mnunuzi hanunui sifa. Ananunua misimu aliyobakiza mchezaji, akiigawa kwa nafasi itakayoliwa chini ya kikomo. Na muuzaji mwenye mteja mmoja tu, tena mteja anayejua yuko peke yake, hana bei.

Kutokana na hayo, utaratibu wangu wa kuuza ni huu. Mchezaji wa miaka 29 na kuendelea ambaye hayumo kwenye mpango wako wa misimu mitatu, muuze akiwa amebakiza msimu mmoja na zaidi, kwa sababu mnunuzi anapata michujo miwili kwa bei moja. Uza karibu na siku ya mwisho ya mabadilishano, mwanzoni mwa Machi, wakati timu saba au nane zimejiaminisha kwamba kombe ni lao na zinaogopana. Mwenye kifungu cha kukataa, zungumza naye na wakala wake mapema, mwezi wa Novemba au Desemba, umwombe orodha ya timu tano badala ya moja. Kuongeza jina moja tu kwenye orodha hiyo kuna faida kuliko kelele zote za Machi. Na uwe tayari kubeba sehemu ya mshahara: sheria inaruhusu hadi nusu, kwa mikataba mitatu kwa wakati mmoja. Timu inayojenga upya haina haja ya ile nafasi chini ya kikomo msimu huu, kwa hiyo ibadilishe iwe machaguo.

Nafasi hiyo hiyo hutumika upande wa pili pia. Timu iliyobanwa na kikomo italipa ili uipokonye mkataba mbaya. Usiku wa drafti ya 2022, Toronto walitaka kuondokana na kipa Petr Mrázek. Chicago ikampokea, na kwa kumpokea ikapanda kutoka nafasi ya 38 hadi ya 25, ikamchagua beki Sam Rinzel. Kipa akacheza, kijana akakua. Mimi biashara ya aina hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote, maana haikutoa mchezaji hata mmoja.

Masharti kwenye biashara yasome mara mbili. Pittsburgh walipomwachia Jake Guentzel kwenda Carolina Machi 2024, walipata Michael Bunting, vijana watatu, na chaguo ambalo lingekuwa la raundi ya kwanza ikiwa Carolina wangefika fainali ya Kombe la Stanley. Hawakufika, likawa la raundi ya pili. Guentzel alikuwa winga wa nyota wa Pittsburgh, Sidney Crosby, yule yule Crosby aliyecheza na vijana wa Kenya Ice Lions, timu ya hoki ya Nairobi, walipopelekwa Toronto mwaka 2018, na ninajua watu wa Nairobi waliomfuata tangu siku hiyo na wakaumia kwa biashara hii. Kuumia ni haki yao. Ila mkataba ulikuwa unaisha kiangazi, na Pittsburgh ilikuwa njiani kukosa mchujo tena.

Sasa, kitu ambacho sikubaliani nacho: Hagel mimi nisingemuuza. Bei ilikuwa nzuri ajabu, nakiri, na moja ya yale machaguo ndilo lililomleta senta kijana Oliver Moore. Lakini mshambuliaji wa miaka 23 mwenye mshahara wa milioni 1.5 ndiye hasa yule unayebomoa nyumba ili umpate. Msimu wa 2024–25 Hagel alipata pointi 90 Tampa. Chicago iliuza Hagel, DeBrincat na Dach, wote chini ya miaka 25, na kwa misimu kadhaa vijana wapya walicheza bila mtu wa kuwapa pasi. Unapobomoa, acha nguzo mbili tatu zilizokaribiana umri na watoto unaowategemea.

Drafti, na bahati nasibu yake

Timu 16 zinazokosa mchujo huingia kwenye bahati nasibu. Droo ni mbili tu, kwa nafasi ya kwanza na ya pili, na tangu 2022 timu haiwezi kuruka zaidi ya nafasi kumi kwenda juu. Timu ya mwisho kabisa ina uwezekano wa asilimia 25.5 wa kuchagua wa kwanza, na haiwezi kuanguka chini ya nafasi ya tatu. Maana yake, hata ukiwa mbovu kuliko wote, mara tatu kati ya nne hupati chaguo la kwanza. Panga mambo yako ukijua hivyo.

Detroit mwaka 2020 walimaliza na pointi 39 katika mechi 71, wakiwa nyuma ya timu iliyowatangulia kwa umbali wa aibu. Kwa kanuni za wakati ule wakaanguka hadi nafasi ya nne, wakamchukua Lucas Raymond, ambaye ni mchezaji mzuri sana, lakini hakuwa wa kwanza. Chicago Mei 2023 ilikuwa ya tatu kutoka chini, ikiwa na asilimia 11.5, na kadi ilipogeuzwa ikawa ya kwanza: Connor Bedard. Kesho yake ofisini hakuna aliyefungua kompyuta kabla ya saa nne, na bosi naye alikuwa kwenye mazungumzo.

Ukiwa juu, chagua senta au beki. Nimeshasema kwa nini: hao hawauzwi. Kipa usimchague kwa chaguo lako la thamani kuliko yote, kwa sababu makipa huiva polepole na huiva bila mpangilio, na utampata kwa njia nyingine. Mabeki nao huchukua muda kuliko washambuliaji, kwa hiyo ukichagua beki na senta mwaka mmoja, usishangae senta akiwa anacheza ligi kuu huku beki bado yuko chuoni au ligi ya chini. Usimharakishe ili mashabiki wapoe.

Mkataba wa kwanza wa kijana wa umri huo ni wa miaka mitatu kwa bei iliyopangwa. Bedard alianza kwa mshahara wa dola 950,000 kwa mwaka bila bonasi. Mhasibu anapoiona namba hiyo kwenye mstari wa senta wa kwanza, mkono unatetemeka. Hiyo ndiyo misimu mitatu ya kupokea mikataba ya watu kwa malipo, kama ya Mrázek, na baadaye ya kuongeza wachezaji wazima kabla kijana hajaanza kudai chake. Ikipita bila kutumika, hairudi.

Machaguo yako mwenyewe yalinde. San Jose Sharks, Septemba 2018, walikuwa na kikosi cha wazee wazuri na wakataka hatua moja zaidi: wakamleta beki Erik Karlsson kutoka Ottawa. Katika malipo kulikuwa na chaguo lao la raundi ya kwanza ambalo liliishia kuwa la 2020. Walifika fainali ya kanda 2019, wakampa Karlsson miaka minane kwa milioni 11.5, na msimu uliofuata wakaporomoka. Chaguo lile likawa la tatu kwa jumla. Ottawa wakamchukua Tim Stützle. San Jose walitazama timu yao ikiwa mbovu na hata faida ya ubovu hawakuipata. Ukilazimika kutoa chaguo la raundi ya kwanza na kikosi chako kina wastani wa umri wa baba wa watoto watatu, andika sharti: likiangukia kumi za kwanza, linabaki kwangu, nawe utachukua la mwakani.

Raundi za chini zina hadithi tamu, hasa Detroit ya zamani: Pavel Datsyuk alichaguliwa wa 171 mwaka 1998, Henrik Zetterberg wa 210 mwaka uliofuata, na hao ndio walioibeba timu hadi kombe la 2008. Detroit ilicheza mchujo misimu 25 mfululizo, 1991 hadi 2016, bila kuhitaji kubomoa. Ila hiyo ilikuwa enzi ambayo skauti mmoja mwenye macho pale Sweden aliweza kuona kijana ambaye wengine hawajawahi kumsikia. Leo kila mechi ina video. Usipange kumpata Datsyuk. Panga kuwa na machaguo mengi ya raundi ya pili na ya tatu, uongeze tiketi zako.

Na usiiachie drafti kazi yote. Buffalo walikosa mchujo misimu 14 mfululizo, kuanzia 2011–12 hadi 2024–25, na katikati ya hiyo walichagua wa pili 2015, wa kwanza 2018, na wa kwanza tena 2021. Jack Eichel, yule wa 2015, alibeba kombe 2023 akiwa Vegas.

Kukarabati: Washington walivyofanya

Kwa kanuni yangu ya watu watatu, Washington Capitals wa 2023 walitakiwa kubomoa. Alex Ovechkin alikuwa na miaka 37, senta wake Nicklas Bäckström nyonga ilikuwa imekwisha, beki wa kwanza na kipa wote walikuwa na miaka 32 au 33. Hawakubomoa, na wamenilazimisha kuitazama kanuni yangu upya.

Kwanza waliuza, lakini pembeni tu. Februari 2023 walimpeleka Dmitry Orlov na Garnet Hathaway Boston, wakapata chaguo la raundi ya kwanza pamoja na mengine, na siku chache baadaye chaguo hilo la kwanza likatumika kumleta Rasmus Sandin, beki wa miaka 22, kutoka Toronto. Angalia walichofanya: chaguo halikusubiri kijana wa miaka 18 akue miaka minne, liligeuzwa papo hapo kuwa kijana aliyekwisha kukua. Walikosa mchujo msimu ule, na kwa kukosa wakachagua wa nane na kumpata Ryan Leonard.

Halafu kiangazi cha 2024, ndani ya wiki mbili, wakanunua vitu ambavyo timu zenye navyo zilikuwa zimevichoka. Pierre-Luc Dubois, senta wa miaka 25 mwenye mkataba mzito na sifa mbaya, kutoka Los Angeles kwa kumtoa kipa Darcy Kuemper. Kipa Logan Thompson kutoka Vegas kwa machaguo mawili ya raundi ya tatu. Beki Jakob Chychrun kutoka Ottawa kwa beki Nick Jensen aliyekuwa na miaka 33 na chaguo moja la raundi ya tatu. Senta, kipa, beki: wote watatu wa kanuni yangu, na hakuna chaguo la raundi ya kwanza lililotoka. Mikataba ya Bäckström na T.J. Oshie, ambao majeraha yalikuwa yamewaondoa barafuni, ikawekwa kwenye orodha ya majeruhi wa muda mrefu na kuachia nafasi. Pembeni kulikuwa na vijana wao wenyewe wa drafti ya 2019, Connor McMichael wa raundi ya kwanza na Aliaksei Protas wa raundi ya tatu.

Msimu wa 2024–25 Washington walimaliza na pointi 111, kinara wa Mashariki, na Aprili 2025 Ovechkin akafunga bao la 895 na kuipita rekodi ya mabao ya NHL ya Wayne Gretzky. Carolina waliwatoa raundi ya pili. Hawakubeba kombe, na pengine kikosi kile kilikuwa na dari. Lakini kwa timu yenye mzee ambaye hutamuuza, kwa sababu ya rekodi au kwa sababu ya mapenzi ya mji, hiyo ndiyo njia. Tafuta mchezaji wa miaka 23 hadi 27 aliyegombana na nafasi yake, ambaye timu yake imemchoka kabla soko halijajua anafaa. Usimtafute kwenye orodha ya wachezaji huru ya Julai mosi. Huko wengi wameshafika miaka 27 na kuendelea, wote wanagombaniwa, na mwaka wa mwisho wa mkataba utauona kwenye ile safu ya pili.

Lini uache kuuza

Dalili ninayoiangalia ni unachopokea. Timu iliyo kwenye kubomoa hupokea machaguo na vijana ambao bado hawajacheza. Machi 2025 Chicago ilimwachia Seth Jones kwenda Florida, ikakubali kubeba milioni 2.5 za mshahara wake kila mwaka hadi 2030, na ikapokea chaguo la raundi ya kwanza pamoja na Spencer Knight, kipa wa miaka 23 aliyeanza kucheza wiki ile ile. Jones alibeba kombe Juni. Knight ndiye wa kwanza kwenye karatasi yangu ya Chicago ambaye alikuja kwa ajili ya kuzuia mabao leo.

Kwenye timu yako fanya hivi: mkataba wa kwanza wa kijana wako bora ukibakiza msimu mmoja, simamisha uuzaji wa mtu yeyote aliye chini ya miaka 27. Hesabu nafasi yako chini ya kikomo cha msimu ujao, toa humo kile unachokadiria kijana huyo atadai, na kinachobaki ndicho cha kununulia. Kikitosha mtu mmoja, mchukue senta wa pili. Kikitosha wawili, mwongeze beki wa mkono wa kulia, maana hao ni wachache na bei yao haijawahi kushuka tangu nianze kuweka hesabu hizi.